Ushindi wa Kupewa

Mdogo wangu alipokuwa mzima alicheza pool bila kelele. Wengine hupiga ule mpira mweupe kama wanapasua kuni. Yeye aliinama, kidevu karibu kiguse fimbo, mkono wa kulia ukaenda ukarudi, ukaenda ukarudi, halafu tayari, mpira uko shimoni naye ameshasimama anatafuta chaki. Mimi huo mchezo sijawahi kuupenda. Nilisema ni kazi ya watu wasio na kazi, na bado nasema. Lakini chai yangu ilichemka ikamwagika mara nyingi kwa sababu ya kumwangalia yeye, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kibandani kwangu hapa Isiolo atakuambia hivyo hivyo.

Kibanda kiko upande wa soko la mifugo. Mbele nauza chai na mandazi, nyuma kuna banda la mabati na meza moja ya pool. Mama alituacha wawili tu, na kabla hajatuacha aliugua muda mrefu, kwa hivyo huyu mdogo wangu nilimbeba mgongoni mimi, nikamwogesha mimi, nikampeleka chuoni kusoma Kurani mimi. Mume wangu alifariki kabla hatujapata mtoto. Basi mtu akiniuliza nimezaa wangapi, huwa nasema mmoja, na simwelezi zaidi.

Asubuhi alikuwa anapakia ng'ombe kwenye malori, mchana anasimamia meza. Siku moja fahali aligeuka juu ya ubao wa kupandia, akamsukuma, akaanguka na kiwiko kikatangulia. Ajali haina kinga. Daktari alituambia mapema kabisa kwamba kiwiko kimevunjika vibaya na hakitarudi kama zamani. Sisi ndio hatukutaka kusikia. Tulisema plasta ikitoka tutaona.

Plasta ikatoka, tukaona. Mkono ulikuwa unarudi nyuma vizuri, lakini ukienda mbele unatoka nje, unaikimbia barabara yake. Mpira mdogo tu, wa kumpa mtoto, akaukosa. Akajaribu tena, akaukosa. Mimi nikaanza kufokea watu kwamba vikombe vyangu haviwezi kujiosha vyenyewe, wavirudishe mbele, kwa sababu sikujua nifoke juu ya nini kingine.

Kisha mjomba wetu akaja kutoka Sericho kumjulia hali. Alikuja na maziwa ya ngamia kwenye dumu na maneno yake tayari mdomoni. Alinywa chai, akasema mbele ya watu wote:

"Mwanamume hakai kivulini akilishwa na dada yake. Ngamia wangu hawana mtu. Twende."

"Mjomba, huyu bado ni mgonjwa," nikasema.

"Mkono wa kuchunga anao. Huo mwingine ulikuwa wa kucheza kamari."

"Hapa hatuchezi kamari!"

"Wewe mama, nilikuwa naongea na mwanamume." Akacheka kidogo, maana ananipenda, kisha akanyoosha fimbo yake kuwaonyesha wachezaji waliokuwa wameegemea mabati. "Sikiliza, kijana. Mvua zikiisha nitapiga simu. Kama utakuwa umerudi kuwashinda hawa, kaa na meza yako, sitasema tena. Kama hapana, panda gari uje."

Mdogo wangu akasema, "Sawa, mjomba."

Kwetu kijana akishamwambia mjomba sawa mbele ya watu, limekwisha. Na mimi siikatai Sericho. Ni kwetu, babu yangu amelala huko. Lakini ni mbali, maji ni ya kutafutana nayo, simu inashika siku inayotaka, na mtu akiugua gari la kumleta ni la kubahatisha. Mjomba mwenyewe ukame ulimmalizia ng'ombe wote akabaki na ngamia. Nilijua mdogo wangu akienda harudi. Angeoa huko, angezeeka huko, na mimi ningebaki kuwapimia wageni sukari. Ndiyo maana nilianza kutafuta dawa ya ule mkono kama mwendawazimu.

Niliikuta kwenye simu. Mzee wa Kizungu mwenye tumbo alikuwa anaonyesha kifaa cha kufundishia mkono: kipande kirefu cha plastiki chenye mfereji katikati. Unakifunga ukingoni mwa meza, unapitisha fimbo kwenye mfereji, na pande zote mbili kuna vikengele vidogo. Fimbo ikienda moja kwa moja, kimya. Ikipinda hata kidogo, kengele inalia. Mzee aliapa kwamba mkono wowote utanyooka. Nikasema haya, na wa kwetu je? Kifaa kikaja na basi kutoka Nairobi ndani ya boksi, na maelezo ya Kichina ambayo tuliyatumia kufungia mandazi.

Vitu vya kwenye simu mimi siviamini. Nilinunua dawa ya mende huko, mende wakanenepa. Kwa hivyo nikamwambia mdogo wangu kwamba hiki tutakipima. Asubuhi utafanya mazoezi nacho, alasiri utakiweka kando ucheze na watu. Ukianza kuwashinda, kinafanya kazi. Usipowashinda, nakitupa kwa mbuzi.

Akasema, "Wewe ni hakimu, dada. Nani atakubishia."

Basi kila alfajiri akitoka kuswali alikuwa anaingia bandani, na mimi nikikanda unga nasikia vile vikengele. Mwanzoni vililia bila kupumzika, kama mbuzi wanaoshuka kisimani. Baada ya muda vikapungua. Ikafika asubuhi nakanda unga mpaka mwisho na sisikii kitu, isipokuwa mpira unagonga ukingo na kurudi. Nikawa nasema alhamdulillahi peke yangu jikoni.

Alasiri ilikuwa jambo lingine. Alishindwa na mwenye bucha. Alishindwa na rafiki yake wa utotoni, yule wa boda boda. Alishindwa hata na muuza mkaa wa Ngaremara, Mturkana mmoja mpole anayeshika fimbo kama mkuki. Kila jioni nilimwandalia chai yenye tangawizi na sikumuuliza kitu. Mgonjwa haulizwi uji.

Halafu siku moja akamshinda yule muuza mkaa. Nikasikia kelele, nikakimbia na mwiko mkononi. Muuza mkaa alikuwa anatikisa kichwa, anasema leo mkono wake mzito. Siku chache baadaye akamshinda mwenye bucha. Kisha akamshinda wa boda boda, na huyo jamaa anajua kucheza, si mchezo. Akarusha mikono juu akasema, "Aki buda umerudi! Umerudi kabisa!" Nikapiga kigelegele, mimi, kwenye banda la pool. Marehemu mama angenionea aibu.

Sikungoja mjomba anipigie simu. Nilimpigia mwenyewe. Nikamwambia atafute mchungaji mwingine, huyu wangu kazi anayo. Akasema, "Tutaona, binti yangu," na mimi nikamcheka. Siku hizo nilikuwa nacheka na kila kitu. Niliwaongezea wateja maziwa. Niliimba. Tangu nifiwe na mume wangu sikumbuki kuimba, ila siku hizo niliimba, na mdogo wangu akanisikia.

Yeye tu ndiye hakufurahi. Akishinda, alimshika mwenzake mkono, anasema "asante," anaweka fimbo ukutani, anatoka nje kukaa. Nikamgombeza. "Wewe nawe! Watu wakishinda hushangilia, wewe unasema asante kama umepewa nyama ya sadaka." Akasema chai leo imekolea vizuri.

Kuna Mmeru mmoja anayeleta miraa, mtu wa utani na sauti kubwa, na kwenye pool hakuna wa kumweza. Alikuwa hajaonekana kwa muda kwa sababu mama yake aliugua huko kwao mlimani. Aliporudi nilimpokea kwa furaha. Nikamwambia huyo mgonjwa wetu amepona, hebu mjaribu wewe, wewe ndiye mtihani wa mwisho.

"Ati amepona? Wacha! Leta fimbo," akasema.

Alimchapa. Sijui niseme vipi. Alimchapa vibaya, halafu wakarudia, akamchapa tena, naye Mmeru mwenyewe akawa anaona haya, utani ukamwisha mdomoni. Mkono wa mdogo wangu ulikuwa unatoka nje vile vile kama siku plasta ilipotoka. Mipira ambayo nilidhani amejifunza kuipiga, akaikosa. Alipomaliza alimshika Mmeru mkono. Hakusema asante. Alisema, "Umecheza vizuri," akatoka.

Mimi nilibaki nimesimama na sinia. Wale wengine wakamvuta Mmeru nyuma ya banda, karibu na jiko langu, na mabati hayazuii maneno.

"Wewe huna huruma?" Huyo alikuwa wa boda boda. "Sisi wote tumetoa, wewe unakuja kuharibu!"

"Mmetoa nini?"

"Game! Kila mtu ametoa game yake. Hukusikia mjomba wake alisema nini? Asipotushinda anaenda Sericho."

Mmeru akauliza, "Kwani mnacheza pool ama mnachanga?"

Hapo mwenye bucha, ambaye ni mtu mzima na ni wa ukoo wetu, akamweleza pole pole kama anavyomweleza mgeni. Akamwambia sisi Waborana tuna kitu kinaitwa busa gonofa. Mtu akimalizikiwa na mifugo, ukame ukimfagia au wezi wakimwachia boma tupu, ukoo unakaa chini, na mwenye ng'ombe anatoa ng'ombe, mwenye mbuzi anatoa mbuzi, mpaka mwenzao asimame tena. Si sadaka. Haombi, na akipewa hakatai, maana kukataa ni kuutukana ukoo. "Huyu kijana mifugo yake ilikuwa mkono," akasema. "Sasa wewe ulitaka tukae tukimwangalia?"

"Kwetu pia tunafanya," akasema yule Mturkana kwa sauti ndogo.

"Lakini ng'ombe ukipewa ni ng'ombe," akasema Mmeru. "Unamkamua. Hii mtu atakamua nini?"

Nilitoka na sinia yangu nikawatukana wote. Niliwaita waongo, nikawaita wanafiki, nikamwambia mwenye bucha, mtu mzima na ndevu zake, aondoke kwenye kivuli changu. Wakainamisha vichwa. Wa boda boda akasema, "Pole mama, hatukujua tufanye nini," na hilo likanimaliza, kwa sababu hata mimi sikujua wangefanya nini. Nilitaka kuwapiga na nilitaka kuwakumbatia. Nikaketi kwenye dumu la maji nikalia.

Shida sasa ilikuwa kumwambia yeye. Nilifikiri akijua kwamba ule ushindi ulikuwa wa kupewa, moyo wake utavunjika kuliko kiwiko. Nikamkuta nje, amekaa na miguu kwenye vumbi, na kabla sijafungua mdomo akasema:

"Wamekuambia?"

"Wewe ulijua?"

"Dada, mimi nimecheza na hawa watu tangu tunaota ndevu. Mtu akikosa mpira kwa kutaka, mabega yanajua kabla ya mkono. Nilijua tangu siku ya yule wa mkaa."

"Na ukanyamaza!"

"Ningefanyaje? Gonofa haikataliwi." Akachora chora vumbi kwa kidole. "Halafu wewe ulikuwa unaimba."

Mimi mwenye mdomo wote huu, nikaketi tu kando yake vumbini.

Asubuhi iliyofuata aliniita bandani kabla sijawasha jiko. Akasema yeye alikuwa na kipimo chake, ambacho ndani yake hakuna mtu wa kumwonea huruma. Unauweka mpira mweupe kwenye mstari, unaupiga uende moja kwa moja hadi ukingo wa mbali, urudi. Mkono ukiwa mnyofu, mpira unarudi na kugusa ncha ya fimbo yako. Mkono ukiwa mbaya, unapita pembeni, na huwezi kudanganya, meza haina ukoo.

Akafunga kile kifaa. Fimbo ikapita kwenye mfereji kimya, mpira ukaenda, ukarudi, ukabusu ncha. Mara ya pili hivyo hivyo. Nikapiga makofi. Akafungua kifaa, akakiweka kando, akapiga. Mpira ukarudi ukapita kulia, mbali na fimbo. Akaniambia niweke kidole ulipopita. Nilipoweka, kidole changu kilianguka juu ya alama ya chaki iliyokuwa tayari kwenye mbao za ukingo.

"Hiyo niliichora siku kifaa kilipofika," akasema. "Kila alfajiri nimeipima. Haijasogea."

"Labda bado kidogo. Labda mwezi mwingine."

"Kikiwepo kinaushika mkono. Kikiondoka mkono unarudi kwake. Hakuna makosa ya kifaa, dada. Kiwiko hakina pa kunyookea, na daktari alitwambia."

Nikaanza kumwambia tutanunua kingine, tutaenda hospitali nyingine, tutafanya hivi na vile. Akaniacha niseme mpaka nikachoka, kisha akanishika kichwa kama mimi nilivyokuwa nikimshika akiwa mdogo. Alasiri hiyo alimpigia mjomba simu. Nilisikia akisema, "Hapana, sikuwashinda." Basi. Hakumtaja mtu.

Siku ya mwisho aliwaita wote. Nilidhani ni kuwaaga tu, nikapika mandazi mengi. Walikuja wakiwa wameoga, wakasimama ukutani kama watoto waliovunja mtungi, na Mmeru alikuja pia na kitita cha miraa ya kuomba msamaha ambacho hakuna aliyekigusa. Mdogo wangu akachukua fimbo. Akasema mtu akipewa ng'ombe, ng'ombe wakazaana, siku moja naye atamtolea mwingine, ndivyo gonofa inavyozunguka. "Hizi game zangu hazitazaa," akasema. "Kwa hivyo kila mmoja aje achukue yake. Na mcheze kweli."

Wakakataa. Mwenye bucha akasema kitu kilichotolewa hakirudishwi, ni mwiko. Mdogo wangu akamwambia, kwa heshima kabisa, kwamba mwiko huo ni wa ng'ombe. Akapanga mipira.

Wakaja mmoja mmoja. Muuza mkaa akamshinda akitazama chini. Mwenye bucha akamshinda, akafuta uso kwa kilemba. Mdogo wangu alicheza kwa nguvu zake zote, simwongezei wala simpunguzii. Alikuwa anatoka jasho, alikuwa anafanya hesabu ya ule mkono mbovu, na mara moja aliingiza mpira mgumu sana, banda likalia "Eee!" kwa kusahau. Lakini alishindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, tunasema hivyo kila siku bila kufikiri, na mimi siku hiyo nililiona neno lenyewe limesimama mbele yangu na shati limelowa.

Wa mwisho alikuwa rafiki yake wa boda boda. Ukabaki ule mpira mweusi wa kumalizia mchezo, mdomoni mwa shimo, hata mimi ningeuingiza. Kijana akainama, akainuka. Akainama tena. Akasema, "Maze, mimi siwezi."

"Piga."

"Nikipiga unaenda."

"Naenda hata usipopiga," mdogo wangu akasema. "Piga, kama bado unaniheshimu."

Akapiga. Ukaingia. Wakashikana wakakaa hivyo, na yule kijana alikuwa analia kwa sauti, mwanamume mzima na koti lake la pikipiki, na mdogo wangu anampigapiga mgongoni kwa ule mkono usionyooka.

Aliondoka asubuhi, juu ya gari lililobeba unga wa mjomba na mapipa ya maji. Wale wote walikuja kusukuma mizigo. Gari lilipoondoka hakuna aliyeniambia pole, walikaa tu na mimi kwenye mabenchi, bila kuagiza chai, kila mtu akitafuta kitu cha kunipa na hana. Ningepoteza ng'ombe wangu wote siku ile, kabla ya magharibi ningekuwa na wengine zizini. Nilikuwa nimempoteza huyo mmoja niliyemlea, na ukoo mzima umekaa pale mbele yangu, mikono mitupu.